Lazaro Mlangoni

Katika Luka 16 twasoma habari za Lazaro, aliyelazwa mlangoni pa tajiri. Mbwa walimjia, mtu wa kumfunga vidonda hakuonekana.

Hata leo maumivu ya kufa hayawapati wote sawasawa. Mwenye mali aliye mjini hutulizwa. Maskini wa kijijini mwenye saratani huugua usiku kucha, na majirani husema, Ni mapenzi ya Mungu. Neno hili tumelisikia hata kwa Wakristo, nasi hatulikubali. Kwa maana mofini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, wala si dawa ya gharama kubwa. Huko Uganda Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria imewaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa, kwa kuwa madaktari ni wachache. Hospitali yetu ya Selian, Arusha, nayo imewafuata wagonjwa hata majumbani mwao.

Basi sisi walimu na wazee, tuendapo kumwombea mgonjwa, tumwulize pia kama alipata usingizi, na jibu lake tulifikishe kwa mwuguzi siku ile ile, tusingoje Jumapili.