Kuku Kiwete na Haki Yake
Katika nyua za Kariakoo, kule ambako maghorofa hayajazimeza nyumba za zamani, kuku achechemeaye huhukumiwa upesi: achinjwe kabla hajakonda. Sisi hatuna ugomvi na kisu. Kuku hufugwa aliwe. Tunalouliza ni nini kilichomlemaza. Ugonjwa wa Marek hupoozesha mishipa ya fahamu, mguu mmoja ukanyooka mbele na mwingine nyuma. Chanjo yake hutolewa kifaranga angali wa siku moja, na akiisha kuugua hana dawa. Kuku wa nyama naye huota minofu upesi kuliko mifupa iwezavyo kubeba.

Lakini wako walemazwao na mikono yetu. Hufungwa miguu kwa kamba, wakaning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli hadi sokoni. Kuku hana kiwambo kitenganishacho tumbo na kifua, basi matumbo huyaelemea mapafu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Kamba zingali zinafungwa. Husemwa kwamba atakufa jioni, hivyo maumivu ya asubuhi si kitu. Hoja hiyo twaikataa. Nyama yake tumeilipia. Maumivu yale hayakuwamo katika bei, na tenga lingetosha kuyaepusha.