Gharama na Faida katika Zabuni ya Ujenzi

Amma baadu. Huulizwa: mjenzi wa Nanyamba aombaye zabuni ya kujenga skuli ya Halmashauri, je, ni halali kwake kuongeza juu ya bei ya saruji na ujira wa mafundi gharama za mlinzi, ghala na uchukuzi, kisha na faida?

Jawabu: ni halali. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaji ya kuwa mwenye kuuza kwa kiasi kilichomgharimu huingiza humo ujira wa mpimaji, wa dalali na wa mlinzi. Ama kazi ya mkono wake mwenyewe haiingii katika gharama. Fungu lake limo katika faida.

Mjenzi aandikaye orodha ya gharama yu kama muuzaji huyo. Akiandika walinzi watatu naye anaye mmoja, amesema uwongo. Na ashushaye bei chini ya gharama ili aipate kazi, kilichopungua atakitoa wapi, ila katika saruji au katika jasho la vibarua? Kuta zikipasuka juu ya watoto, urahisi ule ulikuwa dhuluma. Basi faida na itajwe kwa jina lake, wala isivishwe nguo ya gharama.

Wallahu aalam.