Hata Mikono ya Mose Ilichoka

Mzee akipooza habari huenea upesi parokiani. Padre huja na Komunyo, wanajumuiya huja na mchele na sukari, twasali, twaimba, kisha mlangoni twamshika mkono mkewe na kumwambia: “Bibi, Mungu akuzidishie subira.” Halafu twaenda zetu. Usiku uo huo bibi yule, mwenye miaka sabini na zaidi, ataamka mara nne kumgeuza mumewe asipate vidonda vya mgongo, kubadili shuka, na kumtuliza anapouliza ni nani aliyemleta katika nyumba ya watu. Kesho vivyo hivyo, na mwaka kesho pia.

Twakiri kwamba maneno yetu ya mlangoni yana kosa ndani yake. Ahadi ya ndoa tumeihubiri kwa namna ambayo mzee anayemwuguza mwenzake hudhani kuomba msaada ni kuivunja. Huuficha uchovu wake kama dhambi. Na baba mzee, aliyegeuka mpishi na mfuaji wa nguo za mkewe, huficha zaidi, maana aona haya mbele ya wenziwe.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1999 ulitangazwa huko Marekani uchunguzi wa wazee wenye miaka 66 hadi 96 walioishi na wenzi wao. Katika miaka minne, waliouguza wenzi wao nao wakaelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ile ya wasiouguza kwa asilimia 63. Lakini angalieni: waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo. Basi si upendo unaoua. Mwaka 2010 ukatangazwa uchunguzi mwingine, wa ndoa 1,221 katika jimbo la Utah: ambaye mwenzi wake alipatwa na maradhi ya uzeeni ya kupotewa na akili alikuwa katika hatari mara sita ya kupatwa nayo yeye mwenyewe. Wengi hawakupatwa, wala sababu hazijafafanuliwa zote; ila yajulikana kwamba mfadhaiko usiokoma huzidisha mwilini homoni iitwayo kortisoli, hupandisha shinikizo la damu na kufukuza usingizi, na hayo huudhuru ubongo, hasa sehemu itunzayo kumbukumbu. Mtu atasema hao ni Wamarekani. Ni kweli, lakini ubongo wa bibi wa Moshi wahitaji usingizi sawa na wa bibi wa Utah.

Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli walipopigana na Waamaleki, Mose alisimama kilimani ameinua mikono, nayo ikamlemea. Haruni na Huri hawakumsifu kwa uvumilivu wake. Walimtafutia jiwe akaketi, ndipo wakamtegemeza mikono, mmoja kuume na mwingine kushoto, mpaka jua likachwa. Yatupendeza kwamba jiwe lilitangulia.

Kwa bibi yetu jiwe hilo ni usingizi. Wanajumuiya wakigawana zamu, hata usiku mmoja tu kwa juma, atalala. WAWATA waijua kazi hii, lakini tusiwaachie peke yao: kumgeuza mzee mzito kwataka nguvu, na wanaume wana mikono. Nanyi watoto mlio mijini, mtumao fedha kwa simu, fedha zenu hununua dawa, hazimnunulii mama usingizi. Njoni wakati wa likizo mlale chumbani kwa baba, mama aende kwa dada yake. Tena ampelekapo mgonjwa zahanati, naye apimwe shinikizo la damu. Na akianza kusahau sufuria motoni, au kulia bila sababu, asiambiwe ni uzee tu.

Mara ya kwanza atakataa. Atasema, “Naweza, wanangu, msijisumbue.” Msiondoke. Mwulizeni shuka safi ziko wapi.