Mke Anaposema Anaona Kizunguzungu



Siku ya arusi tuliahidi mbele ya altare kupendana katika magonjwa na afya. Wengi wetu tuliwaza mguu uliovunjika au malaria, ugonjwa wenye kidonda au joto. Lakini mwenzako akikuambia anaumwa, na wewe huoni kitu, je, ahadi ile inakufunga?

Nauliza kwa sababu mimi, katekista ninayewafundisha wachumba hapa Bokoli, nilishindwa. Mama watoto alipojifungua mtoto wetu wa tatu alitokwa na damu nyingi sana. Alipona, tukamshukuru Mungu. Lakini maziwa hayakutoka, wala siku zake za mwezi hazikurudi. Akawa anasikia baridi hata katika jua la Januari. Akiinuka ghafla, anashika ukuta. Tukienda kupalilia mahindi, anakaa chini kabla ya kumaliza mstari. Kwenye zahanati waliandika kwamba presha imeshuka, wakamwambia anywe maji mengi. Mimi nilimwita mvivu. Usiku aliponipa kisogo, nilidhani ana mwingine. Ndugu zangu walisema amerogwa, wakanishauri nioe wa pili. Sikuoa, nikajiona mume mwaminifu. Miaka minne!

Hatimaye daktari mmoja alimwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: uzazi wa mwisho ulikuwaje?

Chini ya ubongo kuna tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Wakati wa mimba huongezeka ukubwa, na mama akipoteza damu nyingi, tezi hiyo yaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Daktari Mwingereza Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, nao huitwa kwa jina lake. Tezi hiyo huziamuru tezi nyingine. Ikinyamaza, mwili hupungukiwa na homoni za kulinda presha, za joto na nguvu, za uzazi na hamu ya tendo la ndoa. Yote niliyomhesabia kuwa tabia mbaya yalikuwa humo. (Si kila kizunguzungu ni ugonjwa huo, upungufu wa damu na malaria pia hukileta. Ndiyo maana ya kupimwa.)

Wanaume huniuliza: na kama anadanganya? Ndugu yangu, ukimwamini naye anadanganya, umepoteza siku moja ya kupalilia. Usipomwamini naye anasema kweli, umemwacha peke yake ndani ya nyumba yako. Tena kumwamini si kumwonea huruma tu. Ni kwenda naye hospitali, na kueleza habari za uzazi ule bila haya.

Sasa anameza vidonge kila siku, navyo ni vya maisha. Havikatizwi ghafla. Akishikwa na homa kali lazima dawa iongezwe kama daktari alivyoelekeza, na akitapika tunakimbilia hospitali, la sivyo presha yaweza kushuka hadi kufa. Kila Jumapili baada ya Misa mimi ndiye ninayevihesabu. Yeye hucheka.

Miaka ile yote niliungama hasira, uongo na ulevi. Kutomwamini mke wangu sikukutaja hata mara moja. Nilipomwomba msamaha, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Baba watoto, umeniamini mimi, au umemwamini daktari?”

Sikuwa na jibu.