SALAMU NI AHADI



Huku kwetu Usukumani mtoto hufundishwa salamu kabla ya kufundishwa kazi. Asubuhi husema "mwangaluka", na jua likipinduka husema "mwadila". Binti hupiga goti mbele ya mkubwa wake. Kisha huulizwa habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, na jibu ni "mhola", yaani salama. Kwa Kiswahili twasema "shikamoo", na wazee hutueleza kuwa maana yake ni "nashika miguu yako".

Lakini wako wanaouliza: Je, si unafiki kumwamkia mtu ambaye moyoni hatumpendi, au tunamshuku? Si afadhali kunyamaza kuliko kusema uongo? Swali hili si dogo.

Kwanza tuangalie salamu yetu humwendea nani. Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, watu wa makabila mengi wamekutana katika nchi hii. Huko machimboni kijana mwenye duara linalotoa dhahabu aweza kunyenyekewa na mtu wa umri wa baba yake, na mzee asiye na kitu akapitwa kama kisiki. Shikamoo hufuata umri, haifuati mfuko. Yakobo katika waraka wake aliwakemea Wakristo waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini amesimama.

Pili, tumfikirie bibi mjane anayeishi peke yake. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni na samadi aliopikia miaka yote. Tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi wameuawa katika sehemu za Shinyanga, Mwanza na Geita kwa kushukiwa uchawi, kisa macho hayo. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, nayo inakataza kumsingizia mtu uchawi. Lakini sheria haikai uani pa kila mjane. Majirani ndio wanaokaa karibu naye. Panga halianzi siku linaponolewa. Hutanguliwa na ukimya: huyu anaacha kumwamkia, yule anabadili njia, na mwisho anakuwa mtu asiye na jirani. Akifika hapo, ni nani atakayepiga yowe kwa ajili yake?

Basi jibu letu ni hili. Salamu si taarifa ya jinsi moyo ulivyo leo, hata tuseme ni uongo moyo usipokubali. Salamu ni ahadi. Tukimwambia bibi kwamba tunashika miguu yake, naye akaitika "marahaba", ameipokea ahadi yetu kuwa mikononi mwetu hatapata dhara. Mnafiki si yule anayeamkia huku moyo ukiwa mzito. Mnafiki ni yule aliyeamkia asubuhi, na jioni akasikia shauri la kumdhuru bibi yule akanyamaza.

Kwa hiyo tusiungojee moyo ulainike kwanza. Mara nyingi goti hutangulia na moyo hufuata. Wiki hii tupite kwa yule ambaye watu wameacha kumwamkia. Tusimame, tumwamkie, tungoje marahaba yake, tumwulize kama ana kuni na maji. Na tukisikia neno baya juu yake, tulipeleke upesi kwa viongozi wa kijiji na polisi, kwa maana tulikwisha kumwahidi.