Picha Iliyopunguzwa na Amana ya Ushahidi

Mwenye kupunguza ukubwa wa picha ili waraka wake uchukulike kwa wepesi, aghalabu hadhani kwamba ameigusa kweli. Nami nasema ameigusa, na yampasa ajue kwa kiasi gani. Kanuni ya JPEG, iliyotolewa mwaka 1992, na ambayo msingi wake ni hesabu iliyochapishwa na Nasir Ahmed na wenziwe mwaka 1974, huigawa picha katika viraba vya nukta 8 kwa 8, kisha ikayaacha yale mabadiliko madogo ya rangi na mwanga ambayo jicho la mwanadamu, kwa udhaifu wake, haliyatambui. Huko ni kusahau, na shahidi aliyesahau rangi ya kanzu hajawa mwongo.

Lakini mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alibainisha jambo zito zaidi: mashine za Xerox za kunakili nyaraka, katika kupunguza ukubwa wa faili, zilizihesabu alama zinazokaribiana sura kuwa ni moja, hata katika ramani ya jengo vyumba vya mita za mraba 21.11 na 17.42 vikaandikwa vyote 14.13, kwa tarakimu safi zisizo na waa. Ukungu humtahadharisha msomaji. Usafi wa namna hii humhadaa.

Basi, ewe mwenye dhamana ya hati za mirathi na mashamba, picha za mandhari zipunguze upendavyo, lakini hati iliyobeba haki ya mtu ihifadhi kwa njia isiyopoteza hata nukta, ijapokuwa nzito.