Ndugu wa Nani?

Wenzangu wa rika langu watakumbuka jinsi tulivyoitana miaka ya sabini. Mkurugenzi alikuwa Ndugu, mfagizi Ndugu, na hata barua ya kumfukuza mtu kazi ilianza kwa neno hilohilo. Lilikuwa neno tamu, ingawa halikumkinga mtu na lolote. Baadaye wakubwa wakajivika "Mheshimiwa", nasi tukazoea.

Nimelikumbuka kwa sababu ya Wachina. Nao walikuwa na neno lao, tongzhi, yaani mwenye nia moja na mwenzake. Baada ya mapinduzi ya 1949 likawa la kila mtu, dereva kwa waziri. Kisha mwaka 1989, kule Hong Kong, msanii wa jukwaa Edward Lam akalipa jina hilo tamasha la filamu zinazohusu watu wanaopenda wa jinsia yao. Neno likavuka hadi bara. Leo kijana wa mjini akilisikia huenda akacheka, maana kwake si mwanachama wa chama. Ni mwanamume anayempenda mwanamume, au mwanamke anayempenda mwanamke.

Je, walikuwa wameiba? Wapo waliodhani hivyo. Kamusi kubwa ya Kichina iliyotoka mwaka 2012 iliiacha maana hiyo mpya nje, ijapokuwa vijana wengi waijua. Mimi naona swali ligeuzwe: neno lililoahidi usawa kwa wote, nani alikuwa amewatoa hawa humo?

Sheria ya jinai ya mwaka 1979 ilikuwa na kosa la "uhuni", pana kama juya: liliwanasa wapiganaji wa mitaani, wasumbufu wa wanawake, na wanaume waliokutwa pamoja. Likafutwa mwaka 1997. Mwaka 2001 madaktari wa akili wakaondoa mapenzi ya jinsia moja yenyewe katika orodha ya maradhi. Zamani nilisoma habari hizo nikasema, basi, yamekwisha. Asiyetajwa na sheria hasumbuliwi.

Sivyo. Sherehe za Shanghai zilizoanza mwaka 2009 zilisitishwa mwaka 2020. Mwaka 2021 akaunti za vikundi vya wanafunzi zikafungwa kwenye WeChat kwa mkupuo. Mwaka 2023 kituo chao cha Beijing kikafunga milango. Haikuhitajika sheria mpya hata moja. Aliyeachwa tu bila kutajwa hana pa kusimama siku anaposukumwa.

Husemwa pia kwamba jambo hili limeletwa na Wazungu. Lakini Wachina wenyewe husimulia habari za Mfalme Ai wa enzi ya Han, aliyekata mkono wa vazi lake ili asimwamshe kipenzi chake Dong Xian aliyeulalia. "Mkono uliokatwa" ukawa jina la mapenzi hayo kwa karne nyingi. (Sisi nasi tunasema si letu, huku sheria tunayolishtakia tuliirithi kwa Mwingereza.)

Nisiwaseme Wachina peke yao. Ofisini nilikoanzia kazi alikuwapo karani mmoja, hodari wa hesabu, mcheshi, aliyeishi na mwenzake wa kiume. Maneno yakaanza kwenye chai, yakapanda ngazi. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyeuliza kitu. Akaambiwa nafasi yake imepunguzwa. Mimi nilikula naye ugali mwaka mzima, nikajua ni uongo, nikanyamaza kwa kuwa sikutajwa.

Barua ile niliichapa mimi. Ilianza "Ndugu", kisha jina lake, na nakumbuka nilipiga mstari chini ya neno la kwanza, kama ulivyokuwa utaratibu.